Tone Lisilolowesha

Mark II ya Maige ilikaa ubavuni mwa nyumba yao pale Samuye tangu siku aliyorudi nayo kutoka machimbo ya Rwamgasa. Matairi yalilala, kuku wakapanda juu ya boneti, majani yakaota chini ya bampa. Hakuna mtu mzima aliyeigusa. Bibi Apolonia, mama yake Maige, akitoka kuchota maji aliizunguka kwa mbali, ndoo kichwani, kama mtu anayemkwepa mbwa mkali.

"Gari lile ndilo lililomleta mwanangu akiwa hivi," aliwaambia wageni. "Nilikwenda kwa nfumu, yule mganga wa kule bondeni. Akaniambia mle ndani kuna kitu kimewekwa."

Aliyeingia humo bila woga alikuwa mmoja tu, Blessing, binti wa Maige mwenye miaka minne. Kwake lile gari lilikuwa nyumba. Bibi alimfukuza mara nyingi, lakini bibi akienda shambani mtoto alirudi, akajifungia na doli lake la matambara, akapika mchanga kwenye vizibo vya soda hadi nywele zilowe jasho.

Maige hakuwa na nguvu za kumkataza mtu chochote. Kule Rwamgasa alikuwa fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kisha akawa mchomaji. Wachimbaji walimletea mchanga wao, akauosha kwa zebaki, ile dawa nzito ya majimaji inayokamata dhahabu, halafu akaichoma juu ya mkaa mpaka ibaki dhahabu peke yake. Alirudi nyumbani mikono ikitetemeka. Chai ilimwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Alikasirika kwa jambo dogo, akapiga kelele, halafu akakaa pembeni akilia kimya. Majina ya watu yalimpotea. Zahanati walimtibu malaria, wakamtibu taifodi, na alipokosa nafuu mama yake akamchukua na kumpeleka kwa yule mganga.

Mkewe, Melania, aliyaona hayo yote akanyamaza. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Lakini mambo ya Blessing hayakumruhusu kunyamaza. Viganja vya mtoto viligeuka vyekundu, vikaanza kubanduka ngozi nyepesi kama maganda ya kitunguu saumu. Alitokwa jasho hata kwenye baridi ya asubuhi. Alilia kwamba vidole vinawaka. Siku moja mchana miguu ilimkataa kabisa, akawa anajikunja chini kwa maumivu. Melania alimbeba hadi barabarani, akasimama juani akipunga mkono. Magari yalipita yakiwa yamejaa, mengine hayakupunguza hata mwendo. Alipofika zahanati jua lilikuwa limeshuka, na mhudumu aliyekuwapo alimpa dawa ya kupaka, akisema ni fangasi.

Akiwa njiani kurudi, mtoto amelala begani, Melania aliamua. Gari litatembea. Siku Blessing akizidiwa tena, hatasimama barabarani kama ombaomba. Kuendesha alijua, Maige mwenyewe alimfundisha wakati wakiishi Rwamgasa.

"Baba Blessing," alimwambia mumewe, "nataka tulifufue lile gari. Wewe utakaa kwenye kiti uniambie. Mimi nitafanya."

Maige aligeukia gari. "Oili ilikuwa inavuja juu, kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha injini," alisema polepole. "Na hozi ya chini ya rejeta, ile ya maji, imepasuka. Hayo nayakumbuka."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumsikia akisema jambo zima bila kupotea katikati.

Jumamosi asubuhi Melania alifungua boneti. Bawaba zilipiga kelele, na harufu ya panya, vumbi na oili iliyoungua ikampiga usoni. Injini haikuonekana. Palikuwa na tope jeusi tu, limegandamana unene wa kidole, limechanganyika na manyoya ya kuku na majani makavu. Bibi Apolonia alitoka mlangoni, akaona, akaweka mikono kichwani.

"Mayu wane!" alisema kwa Kisukuma. Mama yangu! "Mama Blessing, unafungua kaburi hilo?"

"Ni injini tu, mama."

"Umeambiwa kuna kitu. Umeambiwa! Kikikupata wewe, huyu mtoto atalelewa na nani? Na mimi hii mikono yangu siku hizi imeanza kukataa kazi."

Melania alipoitazama ile mikono kwa jicho la pembeni, aliona kweli vidole vya bibi vinacheza kwenye ukingo wa khanga. Uzee, alijiambia. Kisha akaanza kazi.

Maige alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na taa ya mbele. Alimwambia kwanza afungue betri, kisha afunike kwa nailoni pale hewa inapoingilia na pale kebo za plagi zinapokutana, maji yasipenye. Melania akakwangua tope kwa kijiti, si kwa bisibisi, kwa sababu Maige alisema chuma kitatoboa hozi. Akapaka dizeli kwa brashi, akaacha ilowe, akasugua tena, akasuuza kwa maji. Maji meusi yalitiririka chini hadi yakafanya kidimbwi kati ya matairi. Kidogo kidogo chuma kikaanza kuonekana, kwanza herufi zilizochorwa juu ya kava, kisha boliti, kisha mstari mzima ambako oili ilikuwa ikitoroka.

"Hapo," Maige alisema, akanyoosha kidole. Kidole kilitetemeka hata hakikujulikana kinaonyesha wapi. Akakishusha haraka, akakificha chini ya paja.

Gasketi ya zamani ilikuwa imekauka kama biskuti. Ilikatika vipandevipande, na Melania akalazimika kuibandua kwa ukucha, akikinga matundu kwa kitambaa mabaki yasidondokee ndani. Mashimo ya plagi yalijaa oili. Aliinyonya kwa bomba la sindano, tone baada ya tone. Alipoweka gasketi mpya aliyonunua Shinyanga mjini, Maige alimsisitiza apake silikoni pembeni tu, na akaze boliti kuanzia katikati, kidogo kidogo, kila moja kwa zamu yake.

"Ukizidisha nguvu itapasuka. Taratibu. Taratibu, nimekwambia!" Ghafla alipiga kelele, akasimama, kiti kikaanguka. "Unataka kuniharibia gari! Wote mnataka kuniharibia!"

Blessing, aliyekuwa amejipenyeza kwenye kiti cha nyuma, alianza kulia. Melania aliganda, spana mkononi. Hakumwogopa mumewe zamani. Sasa alikuwa akiangalia mikono ile kila mara inapoinuka, na alijichukia kwa kuiangalia. Maige alibaki amesimama, midomo ikicheza, halafu hasira ikamtoka kama ilivyoingia. Akaokota kiti.

"Sijui kwa nini nasema hivi," alinong'ona. "Mama Blessing, sijui ni nani anayesema."

Hayo maneno yalimtisha kuliko kelele. Melania alimaliza kufunga hozi mpya ya rejeta, na kwa mara ya kwanza aliwaza kwamba labda mama mkwe anajua asichokijua yeye.

Kesho yake, baada ya kanisa, walijaza maji na oili, wakafunga betri waliyoazima. Bibi Apolonia aliingia ndani akafunga mlango. Melania alikaa nyuma ya usukani, na Blessing kiti cha mbele, doli mapajani. Alizungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikazima. Alizungusha tena. Ikakohoa, ikatikisika, moshi mweupe ukafumka nyuma, halafu ikashika. Ilinguruma kwa sauti nzuri, ya kutulia, na Maige alipiga makofi akicheka kama kijana.

"Iache ipate moto!" alisema. "Hapo ndipo utaona kama bado inavuja."

Kulikuwa na joto, basi Melania akawasha feni ya ndani ili Blessing apate upepo, akashuka kuchungulia. Tapeti kava ilikuwa kavu. Hozi ilikuwa kavu. Alipiga magoti akaangalia chini ya sampo, bakuli la oili, hakuona tone. Aliinuka akajifuta jasho, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi.

"Mama," Blessing aliita kutoka ndani, "mdomo wangu unanuka kijiko."

"Unanuka nini?"

"Kijiko. Na kichwa kinauma."

"Nakuja, mama. Moshi huo, utaisha."

Hapo ndipo alipoona kitu kinametameta. Kilikuwa nyuma kabisa ya injini, nyuma ya betri, mahali ambapo brashi yake jana haikufika vizuri, chini ya plastiki ya waipa, mbele ya kioo. Tone lilikuwa limening'inia kwenye ukingo wa bati. Maji, aliwaza, kumbe bado panavuja. Akanyoosha kitambaa alifute. Tone lilikwepa. Kitambaa kilibaki kikavu. Aligusa tena kwa ncha ya kijiti, na tone likagawanyika likawa matatu, yakakimbia kwenye mfereji wa bati yakakutana na mengine, na yote yakawa moja, zito, linang'aa kama kioo.

Melania alijua ni nini. Mtu yeyote aliyeishi Rwamgasa angejua. Alikuwa ameiona ikimiminwa viganjani, ikikamuliwa kwenye kitambaa, watoto wakiichezea kwenye mabeseni. Lakini akili yake haikwenda kwenye mabeseni. Ilikwenda kwenye mkutano mmoja chini ya turubai, Blessing akiwa bado ananyonya, ambapo mama mmoja mhudumu wa afya alisema kwamba zebaki ikipata joto hugeuka hewa isiyoonekana wala kunuka, na hewa hiyo huingia kwenye ubongo. Alisema inaleta mikono ya kutetemeka, hasira na usahaulifu. Kwa watoto, alisema, viganja huwa vyekundu na hubanduka. Melania alisikiliza nusu nusu siku ile, kwa sababu mtoto alikuwa akilia.

Aliinua ile plastiki. Chini yake, palepale ambapo upepo wa feni huingilia kwenda ndani ya gari, kulikuwa na kichupa cha plastiki kilichofungwa kwa kipande cha gunia. Joto la injini na la jua lilikuwa limekikausha hadi kikapasuka. Mfereji mzima ulikuwa umejaa shanga za fedha, na chini yake injini aliyoisafisha kwa mikono yake ilikuwa inachemka.

Hakukumbuka alivyofika mlangoni. Alizima gari, akamnyakua Blessing, akakimbia naye mpaka kwenye miti ya mnyaa mwisho wa uwanja. Doli lilidondoka, mtoto akalililia. Melania alimshika viganja akavigeuza. Vilikuwa vyekundu kama nyama.

"Baba Blessing! Toka hapo! Toka kwenye gari!"

Maige alikuja akijikwaa. "Kuna moto?"

"Uliweka zebaki kwenye injini?"

Alimtazama bila kuelewa. Kisha uso wake ukabadilika taratibu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali. "Njiani walikuwa wanakagua magari," alisema. "Niliificha ili wasinikamate nayo. Nilisahau. Haki ya Mungu, nilisahau." Akajishika kichwa. "Zilikuwa mbili."

"Mbili nini?"

"Chupa. Moja huko. Na moja... niliiweka... Mama Blessing, sikumbuki niliiweka wapi."

Melania aligeuka. Nyumba ilikuwa mbele yake, mlango umefungwa, bibi yumo ndani, na mahali fulani kulikuwa na chupa nyingine. Inaweza kuwa darini, inaweza kuwa kwenye gunia la mahindi au chini ya jiko. Alitaka kukimbilia ndani apindue kila kitu, na hapohapo aliogopa hata kuvuta pumzi ya humo.

"Fikiri," alimwambia. "Ulishuka nayo? Ilibaki kwenye gari?"

"Sikumbuki."

"Fikiri, Maige!" Hakuwahi kumwita kwa jina mbele ya mtoto.

"Nafikiri! Hakuna kitu humu!" Alijipiga paji la uso kwa ngumi, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka Melania akamshika mkono. Ulitetemeka ndani ya mkono wake.

Blessing alikuwa ameacha kulia. "Ni ya maji ya kioo?" aliuliza.

Wote wawili walimwinamia.

"Maji gani ya kioo, mama?" Melania alijilazimisha kusema kwa upole.

"Yaliyokuwa chini ya kiti cha baba. Nampikia doli." Akatabasamu, kwa sababu wazazi wake walikuwa wakimsikiliza kwa makini namna ile. "Yanakimbia. Hayaloweshi."

"Yako wapi sasa?"

"Mengine yako kwenye vizibo. Na mengine ni mtoto wa doli, amelala."

"Amelala wapi?"

"Kitandani kwa bibi. Msimwamshe."

Melania alimkabidhi Blessing kwa baba yake, akamwambia asisogee hata hatua moja. Akafunga mtandio puani, akagonga mlango.

"Mama! Fungua, utoke nje sasa hivi!"

"Kimetoka?" Sauti ya Bibi Apolonia ilikuwa nyembamba. "Hicho kitu, kimetoka?"

"Kimetoka, mama. Njoo nje."

Hakuwa na muda wa kueleza vinginevyo. Bibi alitoka akiwa ameshika rozari, midomo ikienda mbio, na Melania akamwelekeza kwenye mnyaa. Kisha akaingia. Chumba kilikuwa na giza kidogo, dirisha limefungwa kwa sababu bibi aliogopa wezi. Humo Blessing na bibi yake walikuwa wakilala kitanda kimoja. Melania alifungua dirisha, akainua mto. Kulikuwa na kibati cha mafuta ya mgando, kimefunikwa kwa kitambaa kama mtoto aliyevikwa shuka. Mfuniko haukuwapo. Ndani yake tone moja kubwa lilitikisika, likamwonyesha uso wake mwenyewe, mdogo, umepinda. Kwenye shuka kulikuwa na punje nyingine, ndogo kama chumvi, zimetawanyika mpaka kwenye mshono wa godoro.

Alitaka kuvuta shuka akung'ute. Mkono ulishafika. Ndipo akamkumbuka tena yule mama wa turubai: msifagie, msikung'ute, msimwage chooni, fungieni kwenye chombo chenye maji na mfuniko. Akaenda jikoni akachukua chupa tupu ya asali yenye mdomo mpana, akaijaza maji, akateremsha kibati ndani yake polepole, akikaza meno. Akakaza mfuniko. Shuka na godoro akaviacha vilivyo, akafunga mlango wa chumba nyuma yake, akatoka na chupa ameishika mbali na mwili, akaiweka chini ya karai kubwa mahali pasipofikiwa na mtu. Chupa ya pili yenyewe hakuitafuta. Kama ilikuwa bado chini ya kiti, na iwe huko huko.

Aliporudi kwenye mnyaa Bibi Apolonia alikuwa amemkumbatia Blessing, huku akimsikiliza mwanawe akijaribu kueleza. Maige alianza sentensi, ikamkatikia, akaanza nyingine. Mwishowe bibi alimgeukia Melania.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyetuwekea?"

"Hakuna, mama. Ni dawa ya kazi. Inatoa moshi wa sumu."

Bibi alitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyokuwa imeanza kukataa kazi. Alionekana mwenye hofu kuliko siku zote alizosema juu ya wachawi. Kama ni mchawi, angemwendea mganga; hili hakujua amwendee nani. "Na mimi nimelala nayo," alisema. "Nimelala nayo mwezi mzima, nimemkumbatia huyu mtoto."

Gari lilikuwa palepale, injini safi na kavu, tayari kwa safari. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kulikaribia. Walitembea hadi barabarani wote wanne, na Melania akasimama tena juani akipunga mkono, kama siku ile. Mara hii Mungu aliwaletea Herman, jirani mwenye pikapu ya kubebea mpunga. Melania alimwambia wazi kwamba nguo zao huenda zina sumu, na kwamba watakaa nyuma kwenye upepo. Herman aliwatazama mmoja mmoja, akatazama viganja vya Blessing, akafungua mlango wa nyuma bila kuuliza tena.

Njia nzima, kupita Shinyanga mjini hadi hospitali ya Kolandoto, Melania alihesabu pumzi za mtoto. Blessing alilala, akatokwa jasho, akashtuka, akalala tena. Kila aliponyamaza sana, mama yake alimtikisa kidogo. Alifikiria michana yote ile, mtoto amejifungia ndani ya lile joto, na yeye yuko kwenye cherehani akishukuru kwamba nyumba imetulia. Alifikiria feni aliyoiwasha mwenyewe asubuhi ile.

Hospitalini aliwapokea daktari kijana aliyeitwa Nasibu. Aliwasikiliza bila kuwakatisha. Alishika viganja vya Blessing, akampima presha, akamwambia Maige anyooshe mikono mbele na afumbe macho. Mikono ilipiga kama mabawa. Daktari alivuta kiti.

"Nimefanya kazi Geita kabla ya kuja hapa," alisema. "Watu wazima wa namna hii nimewaona. Mtoto, huyu ndiye wa kwanza. Tutachukua mkojo wa kila mmoja wenu tuupeleke Mwanza. Lakini kutibu nitaanza na jambo moja leo leo. Hamtarudi kwenye ile nyumba."

"Atapona?" Melania aliuliza.

"Mmewahi kumtoa. Nadhani mtoto na bibi watapona."

"Na mume wangu?"

Daktari alimtazama Maige, si Melania. "Baba, wewe umevuta moshi huo miaka mingi. Kuna kitakachorudi na kuna ambacho hakitarudi. Siwezi kukudanganya."

Maige aliinamisha kichwa. "Angalau najua si mimi niliyekuwa nasema," alijibu, na Melania peke yake ndiye aliyeelewa.

Majibu yalikuja, na yalikuwa mabaya kama walivyoogopa. Dawa za kusafisha damu zilisubiriwa kutoka mbali, na kusubiri huko ndiko kulikommaliza Melania. Kila asubuhi, kwenye chumba walichopewa na ndugu mjini, aliamka kabla ya wengine akainama kumsikiliza mtoto. Halafu siku moja Blessing aliomba uji mwenyewe. Siku nyingine alicheza bila kulilia vidole. Ngozi mpya ilikuja, laini, ya rangi yake. Bibi Apolonia akaweza tena kuchambua mchele. Maige alijifunza kunywa kikombe kilichojazwa nusu, kwa mikono miwili, na hasira zilipungua ingawa majina ya watu hayakurudi yote.

Serikali ilituma watu waliovaa vinyago na glovu. Walichukua godoro, viti vya gari, ile chupa ya asali, na udongo wa uwanjani pale lilipotiririka tope la injini. Gari lenyewe walilivuta juu ya lori. Majirani walisimama mbali wakitazama, na baadhi yao mpaka leo wanasema ule ulikuwa uchawi wa kiserikali.

Walirudi Samuye mvua zilipoanza. Hawakuwa wamekaa sana alipokuja mgeni kwa pikipiki, mwanamume mchangamfu mwenye koti la mvua, akapiga hodi. Maige hakumkumbuka. Mgeni alicheka, akajitambulisha kuwa ni Luka, aliyefanya naye kazi Rwamgasa.

"Mhola?" alisalimia Kisukuma.

"Mhola duhu," Melania alijibu, salama tu, akamletea kiti na chai.

"Nimepita tu, shemeji. Kuna vichupa vyangu viwili Maige aliondoka navyo. Siku hizi dawa imekuwa adimu." Aliinua kikombe. Chai ilipiga ukingo, ikamwagikia kidoleni, naye akaipangusa kwenye suruali bila hata kuitazama, kama mtu aliyeizoea.

Maige aliiona. Akajaribu kusema, neno likamkwama, akamtazama mkewe.

"Shemeji Luka," Melania alisema, "unachomea wapi siku hizi?"

"Nyumbani. Kule machimboni wanatusumbua sana."

"Nyumbani sehemu gani?"

"Jikoni tu, usiku, wakishalala." Alikuwa bado anatabasamu.

"Una watoto?"

"Wanne."

Melania alikwenda ndani akamleta Blessing kwa mkono, akamkalisha mbele ya mgeni. Akaanza kumweleza toka mwanzo, tangu siku viganja vilipogeuka rangi, na hakuficha kitu. Luka alisikiliza. Melania alipofika kwenye ngozi iliyobanduka kama maganda ya kitunguu saumu, mgeni alikiweka kikombe chini. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Wa mwisho," alisema, "mama yake anampaka dawa ya fangasi."

Hakumaliza chai. Alisimama, akatafuta ufunguo wa pikipiki kwenye mifuko yote ya koti, akaudondosha matopeni, akauokota, na mikono yake haikuweza kuuingiza mahali pake mpaka Maige alipotoka nje kwenye mvua, naye akitetemeka, wakaushika wote wawili.